Je, Wajua? Kahawa ya Meru na ghala za kalsiamu

Kafeini, ileile ya kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, hufungua ghala za kalsiamu ndani ya seli za misuli. Kalsiamu hiyo ikimwagika, msuli hujikunja; ndiyo maana msuli wa chura ukichovywa kwenye kafeini nyingi hujikunja wenyewe, bila amri ya neva. Kikombe cha kahawa Arusha mjini hakifikii kiwango hicho hata kwa mbali.

Seli ikitulia, kalsiamu huru ndani yake huwa pungufu ya ile ya nje karibu mara 10,000. Moyoni, kalsiamu kidogo inayoingia huchochea ghala kumwaga nyingi zaidi. Pampu huirudisha kabla ya pigo linalofuata.

Kwa kuwa kafeini hufungua ghala hizo, madaktari huitumia kupima kipande cha msuli cha mtu anayehofiwa kupandwa na joto la hatari akipewa nusukaputi.