Msumeno wa Meza: Upi Unafaa Karakana ya Nyumbani Mtwara?

Kwa fundi anayefanyia kazi nyumbani kwake Shangani, Chikongola au Mikindani, njia nafuu ya kupasua mbao ni kutokuwa na mashine kabisa. Unanunua mbao, unazipeleka kwa mwenye mashine, unamlipa kwa kila ubao, unarudi na vipande vilivyonyooka. Naanzia hapa kwa sababu misumeno mingi ya meza hununuliwa kwa hamu, ikafanya kazi miezi miwili, kisha ikafunikwa turubai.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Tuchukulie mashine mpya ndogo inauzwa shilingi 900,000, na vitu vinavyotakiwa pamoja nayo, yaani diski ya pili, swichi ya maana, miwani na barakoa, vinafika 200,000. Kama kupasuliwa mbao kunakugharimu 30,000 kwa mwezi, fedha yako itarudi baada ya miaka mitatu na zaidi. Kama ni 150,000, itarudi ndani ya miezi minane. Weka bei ulizotajiwa wewe, hesabu ni ileile. Umeme usikutishe. Mota ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja na nusu, na kwa takriban shilingi 356 kwa uniti hiyo ni kama shilingi 530.

Gharama ambayo wanunuzi wengi hawaiweki kwenye hesabu ni ya mkono. Diski ya milimita 254 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kilomita 190 hivi kwa saa. Ubao ukijifunga na kuibana diski kwa nyuma, meno yanayopanda upande ule huunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele, na mkono uliokuwa ukisukuma unaweza kuvutwa kwenye diski. Marekani, ambako mashine hizi zimejaa majumbani, zaidi ya watu 30,000 hutibiwa hospitalini kila mwaka kwa majeraha ya msumeno wa meza. Aliyeajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri wake ana wajibu wa kujisajili na kuuchangia. Wewe uliyejiajiri uani kwako huna fidia hiyo, na kila siku ya kidonda ni siku bila kipato.

Kinachozuia ubao kurushwa ni bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuzuia mpasuko usijifunge. Mimi naanza na bamba hili ninapolinganisha mashine, kabla ya nguvu ya mota na kabla ya bei.

Mashine ya kuchomelewa mtaani, yenye fremu ya chuma cha pembe, shafti, beringi, mota na mkanda, ina sifa zake za kweli. Ni nzito, haitikisiki, na ikiharibika mchomeleaji aliyeitengeneza yupo. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa bila bamba la nyuma, bila kinga ya juu, na mkanda uko wazi. Ukiipenda, mlipe fundi aongeze vitu hivyo kabla hujaichukua. Bamba liwe nene kuliko mwili wa diski lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno: diski yenye mwili wa milimita 1.8 na meno ya 2.8 inataka bamba la 2.2 au 2.3. Lisikae mbali na meno zaidi ya milimita 8. Kama kinachopanda na kushuka ni meza, bamba lifungwe kwenye fremu ya shafti ili lisiachane na diski. Uliza pia kuhusu mota, maana ya fezi tatu haitafanya kazi kwenye nyumba yenye fezi moja.

Mashine mpya ndogo, kama zile za INGCO au Total, ni nyepesi, na zikitetemeka hazinyooshi mbao ndefu vizuri. Hata hivyo, kwa kazi ya nyumbani ndizo ninazozipendekeza, kwa sharti moja: fungua boksi palepale dukani, hakikisha bamba, kinga na kijiti cha kusukumia vimo, na fensi ikifungwa iko sambamba na diski. Kikikosekana kimoja, usilipe.

Mtumba kutoka Ulaya unaweza kuwa bora kuliko vyote, ila soma kibati cha mota kwanza uhakikishe haukutoka kwingine. Japani wanatumia volti 100 na Marekani 120. Mashine zao zikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za kwetu zinaungua, na transfoma ya kubeba mzigo huo ni gharama nyingine.

Wapo watakaokutajia SawStop, mashine iliyotokana na ubunifu wa Steve Gass wa mwaka 1999. Diski ikigusa ngozi, breki huisimamisha ndani ya milisekunde 5. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini huko Marekani ile ndogo ni kama dola 900, yaani zaidi ya shilingi milioni 2 kabla ya usafiri, ushuru na VAT. Kila breki inapofyatuka, kasha lake la dola 100 hivi na diski vyote vinabadilishwa. Tena mbao mbichi sana zinaweza kuifyatua bure, na mbao zinazouzwa kwetu mara nyingi hazijakauka.

Mashine yoyote utakayochagua, itafutie swichi isiyojiwasha umeme ukirudi. Umeme ukikatika ubao ukiwa nusu, ukauacha hapo na kwenda kunywa maji, mashine yenye swichi ya kawaida itaamka yenyewe. Nyongeza nyingine nyingi ni za bei ndogo. Hewa ya chumvi hutia kutu meza ya chuma na ubao huanza kukwama. Safisha, kisha paka nta ya mshumaa. Meno ya kabaidi ni ghali, ila kwa mkongo na mnazi yanalipa, kwani diski butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu. Kijiti cha kusukumia kinatoka kwenye masalia ya mbao, nacho kitumike kwenye sentimita 30 za mwisho za kila mpasuo. Usivae glavu, wala msuli, wala shati la mikono inayoning'inia. Barakoa ni ya lazima: tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kwa wachongaji wa mpingo wanaotaka kugawa magogo, jibu langu ni hapana kwa mashine zote nilizozitaja. Gogo la mviringo huviringika mara meno yanapoligusa, na mkono hulifuata. Likate kwa msumeno wa mkono likiwa limebanwa kwenye jiliwa, au lipeleke kwa mwenye bendi so anayelifunga kwenye kishikizo.