Dini na Falsafa katika Shule za Uingereza

Mwislamu, Mkristo na asiye na dini hukaa darasa moja katika somo la dini nchini Uingereza, na wote hufanya mtihani uleule. Mtahini husahihisha hoja. Imani ya mtahiniwa haimhusu.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya Elimu ya 1944 ililazimisha shule za serikali kufundisha dini, na dini iliyokusudiwa ilikuwa Ukristo. Baadaye wahamiaji walifika kwa wingi, wakiwemo Wahindi waliotoka Uganda na Kenya na kufanya makao Leicester, na Biblia pekee haikutosha tena. Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya taaluma za dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, alihimiza dini zichunguzwe bila kuhubiriwa. Sheria ya 1988 iliuacha Ukristo mbele, ila ikataka dini nyingine kubwa nazo zizingatiwe. Mzazi asiyeridhika anaweza kumtoa mwanaye katika kipindi. La ajabu ni kwamba somo hili ni la lazima, lakini halimo katika mtaala wa taifa: kila eneo hujitungia silabasi yake.

Falsafa hushika kasi katika A level, ngazi ya mwisho ya sekondari, ambako somo ni la hiari. Bodi ya mitihani ya OCR ina karatasi tatu: falsafa ya dini, maadili, na fikra za dini moja iliyochaguliwa. Tuseme swali linahusu mgonjwa asiyepona anayeomba asaidiwe kufa. Kwa mafundisho ya mwanatheolojia Thomas Aquinas, kuhifadhi uhai ni wajibu wa msingi wa binadamu, hivyo ombi hukataliwa. Mwanatheolojia mwingine, Joseph Fletcher, katika kitabu chake cha 1966, aliona kipimo ni upendo katika hali iliyopo, na huenda upendo ukakubali. Kuwaeleza wawili hao vizuri hakutoshi. Insha ina alama 40, na 24 kati yake hutolewa kwa kuchambua na kupima. Aliyekariri tu hugombea 16 zilizobaki.

Mpango huu una kasoro yake. Hoja za kuwapo kwa Mungu huandikika vizuri kwenye insha, lakini saumu, kaswida na maziko, ambavyo ndivyo dini kwa waumini wengi, hupata nafasi finyu.