Darasa Lisiishie kwenye Kofia

Ukitafuta sindano za kufumia hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, anza kwa fundi wa baiskeli, duka la nyuzi baadaye. Spoki nne za gurudumu bovu, zikatwe urefu mmoja, ncha zisuguliwe kwenye jiwe lenye maji mpaka zisishike tena uzi, seti imekamilika. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, yafaa soksi na kofia ya mtoto mchanga. Anayetaka triko, yaani sweta, la mtu mzima atapita kwa fundi wa pikipiki, spoki zake ni nene zaidi, na pikipiki mjini kwetu ni nyingi kuliko mbwa.

Wageni wakisikia tunakaa karibu kabisa na ikweta hudhani tunashinda tukijipepea. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai watu wanakwenda sokoni wakiwa wamekunja mikono kwapani. Ukipanda kuelekea Lubero baridi inazidi. Beni, mwendo wa kilomita hamsini na kitu upande wa kaskazini, iko chini na ina joto, lakini hata huko mchana wa jua kali utakutana na kichanga mgongoni mwa mama, kichwa kimefunikwa kofia ya uzi mpaka nyusi. Ukimuuliza mama kama mtoto hasikii joto, atakutazama kama mtu asiyewahi kulea.

Kofia hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kila anayejifunza kufuma kwetu. Shida yangu ni kwamba kwa wengi ndiyo ya mwisho pia.

Darasa la kufuma lina historia. Wabelgiji walianzisha foyer social mijini ili wake wa makarani na wafanyakazi wafundishwe kushona, kufuma, kupika na kupiga pasi kama walivyotaka wao. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1946. Mkoloni alikuwa na hesabu zake: alitaka mke wa nyumbani, hakutaka mfanyabiashara. Jina limebaki. Mpaka leo mama akikuambia binti yake “anasoma foyer”, unajua anajifunza kushona na kufuma, na unajua pia kwamba mwalimu atataja vitanzi kwa Kifaransa, andrua kwa upande wa mbele, anvere kwa upande wa nyuma, hata kama maelezo mengine yote ni ya Kinande na Kiswahili.

Tangu mauaji ya raia yalipoanza eneo la Beni, Oktoba 2014, wakimbizi kutoka Mbau, Oicha na Eringeti wamejaa mijini, na miradi ya kuwafundisha akina mama kazi za mikono imefuata. Baadaye ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, na miradi ikaongezeka. Sisemi ni vibaya. Mwanamke aliyeacha shamba lake na kila kitu anahitaji kitu cha kushika mikononi, na jioni ya darasa nimeona watu waliokuja bila neno wakianza kucheka kwa sababu ya kitanzi kilichodondoka.

Lakini niliwahi kukaa kwenye darasa moja la namna hiyo, silitaji. Miezi mitatu. Tulifuma kofia, tukafuma kofia yenye mistari, tukafuma kofia na viatu vya kichanga vya kufanana nayo. Siku ya mwisho tukapewa cheti, peloti sita za uzi na makofi. Tulikuwa zaidi ya ishirini. Juma lililofuata sote tulikuwa katika soko lile lile, tunauza kofia ile ile, kwa akina mama ambao nusu yao wanajua kuifuma. Mwenzangu mmoja alishusha bei mpaka ikawa chini ya bei ya uzi wenyewe, akaniambia, “Yaya, afadhali nirudishe hata nauli.”

Kilichokosekana pale ni hesabu. Kofia husamehe, kwa sababu inanyooka na kichwa cha mtoto hakilalamiki. Triko halisamehe. Mwalimu niliyempata baadaye, mama mmoja mtu mzima anayefundisha barazani kwake, hakuniruhusu kuanza kitu chochote kabla ya kufuma kipande cha mraba. Ukikilaza mezani unahesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme ni 22. Mtoto ana kifua cha sentimita 60, unamwongezea 6 ili apumue, inakuwa 66, sehemu ya mbele ni nusu yake, 33. Vitanzi 73. Hapo ndipo unatia uzi kwenye sindano. “Ukianza kwa kukisia,” alisema, “utamaliza kwa kutafuta mtoto anayelingana na triko.”

La pili nililojifunza kwake ni uzi. Peloti zetu karibu zote ni za akriliki, zimetoka viwandani ng'ambo, zikapita Mombasa, zikavuka Uganda hadi Kasindi, na kila mpaka umeongeza bei. Basi yeye ananunua matriko ya mitumba na kuyafumua. Kuna ujuzi wake. Kwanza unageuza triko ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Ukikuta kitambaa kimekatwa kwa mkasi kisha kikashonwa kwa mashine ya kufunga kingo, liache, utapata vipande vifupi visivyokufaa. Ukikuta kingo zake ni nzima, kila mstari unageuka na kurudi, nunua haraka usije ukaonekana unafurahi. Kisha unachoma uzi mmoja kwa kiberiti. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kugeuka majivu. Uzi uliofumuliwa unatoka umejipinda kama nywele zilizofumuliwa misuko. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usichanganyikane, unauosha kwa maji ya vuguvugu na kuuanika na chupa ya maji ikining'inia chini. Kesho yake umenyooka.

Hapo nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mfumaji hulifikia. Kondoo si tunao? Kwa nini tusisokote wenyewe?

Alicheka. Kondoo wetu wana nywele, hawana sufu, na nywele laini fupi hazikubali kushikana. Uzi wa sufu husimama kwa sababu kila unywele wake umejikunja na una magamba madogo yanayong'ang'ania jirani yake. Ndiyo sababu pia ile sufi ya mti wa msufi tunayojazia mito, ambayo wengi huchanganya jina lake na sufu, haisokoteki: ni laini mno, inateleza. Pamba ndiyo ingewezekana. Watu wa pwani waliisokota zamani, wachimbuaji wa Kilwa wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, uzito wa pia za kusokotea, na msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliona vitambaa vya pale vikipelekwa mpaka Misri.

Walio karibu nasi zaidi, kwa hali ya hewa, ni wanawake wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mji mwingine wa baridi kwenye mstari huo huo wa ikweta. Kikundi chao, Nanyuki Spinners and Weavers, kilianza mwaka 1977. Wanaichambua sufu, wanaichana kwa brashi zenye meno, wanasokota, wanatia rangi kwa majani na mizizi, wanafuma. Wao wana kondoo wa sufu, sisi hatuna, na simshauri mtu aanze kuota ranchi wakati barabara ya shambani haipitiki. Ninachowaonea wivu ni kitu kingine: wao wana kazi tano mfululizo mikononi mwao, na anayechoka na moja anajifunza ya pili.

Kwetu kazi ya pili ipo, ni kisigino. Soksi yenye vitanzi 48 hugawanywa kwenye spoki tatu, ya nne inafanya kazi. Unashuka mpaka kifundo, kisha unaacha nusu ya vitanzi vimelala na kwenda na kurudi kwa vile vingine 24 tu, mpaka kipande kining'inie kama ulimi. Halafu unaanza kugeuka kabla ya kufika mwisho wa sindano, kila safari ukimeza kitanzi kimoja, na uzi wenyewe unajikunja na kuwa kikombe. Mara ya kwanza nilitoa tundu. Mara ya pili, matundu mawili. Mama mwalimu hakuelezea upya. Alichomoa spoki, akavuta uzi, akanirudishia peloti. “Tena.”

Ya tatu ilikaa. Nilisema wasingya, asante ya Kinande, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaniambia nisimshukuru kabla ya mguu wa pili. Wa kushoto umekwisha, umeoshwa, uko juu ya meza. Wa kulia umefika kifundoni na uzi umeniishia, na dukani zimebaki peloti za bluu ileile kwa macho lakini namba ya rangi kwenye karatasi ni nyingine. Mwenye duka anasema mzigo uko Kasindi.