Jiko jipya halina moshi, lakini usilale nalo

Julai ni mwezi wa baridi Thika na Ruiru, na kila mwaka mwezi huo huniletea wagonjwa wa alfajiri wa aina moja. Mwaka jana majirani walimleta mama mmoja na wanawe wawili katika kliniki. Vichwa viliwauma mno, walikuwa wakitapika, na kitinda mimba hakuweza kusimama. Waliowaleta walidhani ni chakula kibovu. Nilipouliza walilalaje, mama alisema aliingiza jiko ndani baada ya kupika ili nyumba ipate joto, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia.

"Lakini daktari," akaongeza, "hili ni lile jiko jipya. Halitoi moshi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwani mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya jambo jema. Yeye na wenzake kumi na mmoja katika ploti moja ya Ruiru walikuwa na chama cha kuchangiana kila Jumapili, na badala ya kununuliana vyombo, waliamua kila mmoja apate jiko linalotumia makaa machache. Makaa yalikuwa yakimaliza pesa za kibarua.

Majiko ya aina hii si mageni kwetu. Lile la bati lenye kauri ndani lilianza kutengenezwa na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, katika miaka ya 1980, kwa kuiga mfano kutoka Thailand. Kauri huzuia joto lisipotelee kwenye bati. Siku hizi kuna ya chuma yaliyoboreshwa zaidi, na baadhi hutengenezwa papa hapa Ruiru, katika kiwanda cha BURN. Wanauchumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia nyumba zipatazo 1,000 jijini Nairobi. Matokeo yao ya mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba waliopata jiko hilo walipunguza pesa za makaa kwa asilimia 39, yaani takriban dola 119 kwa mwaka, ilhali jiko lenyewe liliuzwa dola 40. Hata hivyo, wengi hawakuwa tayari kulipa hata nusu ya bei hiyo kwa mkupuo. Waliporuhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kiasi walichokubali kutoa kiliongezeka maradufu. Kina mama wa vyama walilijua hilo zamani!

Basi jiko huokoa pesa. Je, huokoa mapafu? Hapa sina budi kusema ukweli hata kama hautawafurahisha wauzaji. Watafiti hao waliporudi kuwapima watu wale baada ya miaka zaidi ya mitatu, wenye majiko mapya walisema wanakohoa kidogo kuliko wenzao, lakini shinikizo la damu na vipimo vingine havikuonyesha nafuu. Nchini Malawi, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, na ambao ulichapishwa katika jarida la Lancet, haukuona nimonia ikipungua katika nyumba zilizopewa majiko yenye moshi mdogo. Sababu moja ni rahisi kuielewa. Moshi hauna mwenyewe. Ukipika kwa jiko safi huku jirani akiwasha mafuta taa, wa tatu akichoma takataka nyuma ya choo, na malori yakipita, mtoto wako bado anavuta hewa ile ile. Ndiyo maana napenda zaidi ploti inayobadilika nzima kuliko nyumba moja.

Turudi kwa yule mama. Moshi unaouona ni chembechembe. Hewa iliyowaangusha haionekani wala hainuki, nayo ni kaboni monoksaidi. Hutokana na makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha, na makaa mekundu yasiyo na moshi wowote huitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hunata mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kile kifaa cha kubana kidoleni hudanganyika na kusoma kwamba hali ni shwari. Mimi mwenyewe nilikiangalia asubuhi ile kikaonyesha 98. Tiba ni oksijeni, na haraka. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne au zaidi kupunguza sumu hiyo hadi nusu. Kwa oksijeni, huenda ikawa saa moja na kidogo. Mama mjamzito yumo hatarini zaidi, maana mtoto tumboni hudhurika hata mama anapoonekana amepona. Ukiona watu wawili au zaidi wa nyumba moja wameamka na kichwa na kichefuchefu, fungua mlango, watoe nje, kisha uwapeleke hospitalini.

Kuna njia nyingine za kubana makaa ambazo kina mama huniuliza. Vumbi la makaa likichanganywa na udongo kidogo na maji, likafinyangwa na kuanikwa, huwaka kwa muda mrefu. Mary Njenga na wenzake, walipopima katika mtaa wa Kahawa Soweto, waliripoti mwaka wa 2013 kwamba sufuria ya githeri iligharimu shilingi 3 kwa vipande hivyo, 26 kwa makaa na 45 kwa mafuta taa. Navyo visilazwe ndani. Pia kuna kikapu kilichoshonewa blanketi, ambamo sufuria iliyochemka hufunikwa ikaendelea kuiva bila moto. Hicho nakisifu sana, ila maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kuingia kikapuni. Maharagwe mekundu yasiyochemka vyema yana sumu yake, na nimewahi kuwatibu watu wa harusi nzima.

Mama yule na wanawe walipelekwa kwenye oksijeni, na jioni mtoto alikuwa akiomba chai. Wiki mbili baadaye nilipitia ploti yao. Majiko yote kumi na mawili yalikuwa barazani, yamepangwa ukutani kama viatu msikitini. Chama kilikuwa kimeanza mchango mwingine, wa mablanketi, na mwenye ploti alikuwa akibishana na fundi juu ya bei ya kutoboa matundu ya hewa juu ya kila mlango.