Umenunua kwa simu Kampala: kodi inalipwa wapi, na ni nani anailipa?

Soko la Butembo haliko tena sokoni tu. Picha ya kitenge inatumwa katika kikundi cha WhatsApp, mama mmoja wa Beni anaandika kwamba anakichukua, feza zinapita kwa simu, na mzigo unapanda basi. Hata wakulima wa Masereka wanapata mnunuzi wa viazi kule Beni au Bunia kabla mifuko haijashonwa. Kazi hiyo inalisha jamaa nyingi na kulipa masomo ya watoto. Lakini inaleta swali ambalo watu wengi wanaliogopa: kama muuzaji yuko inchi moja na mnunuzi yuko inchi ingine, kodi ya mauzo ni ya nani?

Kodi yenyewe inaitwa TVA. Inawekwa juu ya bei ya kitu, na anayeibeba mwishoni ni yule anayenunua kwa kutumia. Kongo iliiandika katika sheria ya tarehe 20 mwezi wa nane 2010, na ilianza kulipwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 2012. Kiasi chake ni 16 kwa mia. Uganda nao wana yao, 18 kwa mia.

Jambo la kushika ni hili: TVA inafuata kitu mpaka pahali kitakapotumiwa. Haifuati simu, wala haiangalii feza zilitoka fasi gani. Kitu kinachotoka Uganda kuja kwetu kinapashwa kutoka bila TVA ya Uganda. Kiasi kinachowekwa juu yake ni sifuri. Kinapovuka mto Lubiriha na kufika Kasindi, watu wa duane ya Kongo, yaani DGDA, wanalipisha TVA yetu. Kununua kwa WhatsApp hakubadilishi kitu hapo.

Basi, kwa nini watu wengi wanalipa mara mbili?

Tuseme kwaya moja imeona picha ya kinanda katika duka la Kampala, bei shilingi 1,180,000. Wanatuma feza kwa simu. Mwenye duka anampa dereva wa basi kinanda, na kazi yake imekwisha. Kwake yeye ameuza Kampala, kama vile angemwuzia jirani yake. Kama duka hilo limeandikishwa kwa TVA, ndani ya bei ile mna shilingi 180,000 za kodi ya Uganda, na zinabaki kule. Kinanda kinapofika Kasindi, duane inaomba 16 kwa mia yake. Kwaya imelipa inchi mbili kwa kitu kimoja, na hakuna aliyewaibia. Walikosa tu hati inayoonyesha kwamba kitu kilitoka Uganda kama mzigo wa kwenda inje.

Hati ile inatayarishwa mbele ya malipo. Ni vema kumwuliza mwenye duka: umeandikishwa kwa TVA? Unaweza kuuza kwa kusafirisha inje, pamoja na hati za URA, ofisi ya kodi ya Uganda? Akisema hapana, ujue bei yake ndiyo hiyo, na TVA ya Kongo itakuja juu yake. Kwa kinanda kimoja, pengine kutafuta hati kutakula feza zaidi ya zile zitakazookolewa. Kwa mzigo wa kujaza kamyo, hesabu ni ingine kabisa.

Wengine wanasema: lakini sisi sasa ni wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki! Ni kweli, Kongo ilitia sahihi tarehe 8 mwezi wa ine 2022, na ikawa mshiriki kamili mwezi wa saba mwaka ule ule. Lakini mapatano ya jumuiya yanahusu ushuru wa duane juu ya vitu vilivyotengenezwa ndani ya inchi zake. TVA haikuondolewa. Tena, kinanda kilichotengenezwa China hakiwi cha Uganda kwa sababu kimelala depo ya Kampala.

Tuhesabu kidogo. Mzigo una bei ya dola 1,000, pamoja na usafiri na bima mpaka mpakani. Kama ushuru wa vitu vya namna hiyo ni 20 kwa mia, ni dola 200. TVA haihesabiwi juu ya 1,000; inahesabiwa juu ya 1,200, nayo ni dola 192. Kuna malipo ya ofisi zingine pale mpakani, hayo siyahesabu hapa. Mtu aliyeambiwa «16 kwa mia» na kutayarisha dola 160 tu atafika Kasindi akiwa amepungukiwa, na hapo ndipo mashauri ya pembeni yanapoanzia. Ujue namba yako mbele ya kufika.

Kwa wafanyabiashara wa Butembo shida kubwa iko katika kuunganisha mizigo. Watu ishirini wananunua kwa simu, Kampala au Guangzhou, vitu vinatiwa katika kontena moja, na deklaranti anajaza hati kwa jina la mtu mmoja. Hiyo inapunguza gharama, na mimi siilaumu. Lakini angalia matokeo yake. Mfanyabiashara aliyeandikishwa kwa TVA ana haki ya kukata kodi aliyolipa mpakani. Mzigo wetu wa juu, akiuuza dola 1,600 bila kodi, anamwomba mnunuzi TVA ya dola 256. Anatoa zile 192 za Kasindi, na anapeleka 64 tu kwa DGI. Kumbe, kama hati ya duane ina jina la mtu mwingine, hana neno la kukata. Anapeleka 256 zote. Kwa hiyo yule mwenye jina kwenye hati anaweza kukata hata kodi iliyolipwa kwa feza za wenzake, na hao wenzake wanafikiri biashara yao tu ndiyo haina bahati. Kama mnaunganisha mizigo, mwombe deklaranti, mbele ya kontena kuondoka, aandike kila mwenye mzigo kwa jina lake. Wakati wa kontena kufika, ni kuchelewa.

Muuzaji anayesema «bei ni mpaka Butembo, yote ndani» naye anapashwa kukupa karatasi ya duane. Asipokuwa nayo, mzigo uliingia kwa magendo, na anayekutwa nao ndiye anayeulizwa, hata kama alilipa kwa moyo safi.

Hapa ni lazima tuseme neno kwa makanisa. Jina la kanisa peke yake haliondoi TVA. Shirika lisilotafuta faida linaweza kupewa msamaha kwa vitu vya kazi yake, lakini msamaha unaombwa kwa serikali na hati inapatikana mbele ya mzigo kufika. Tena msamaha ni wa vitu vya shirika lenyewe. Pengine ndugu mwema atakuja na ombi lenye sauti ya upole: «Tieni masanduku yangu machache katika hati ya kanisa, nami nitatoa sadaka.» Mzee wa kanisa anayekubali ameweka sahihi juu ya uongo mbele ya duane, na kesho msamaha wa dawa za kituo cha afya unaweza kukataliwa kwa sababu ya masanduku hayo.

Na kutoka Butembo mpaka Bunia? Ni kutoka jimbo la Kivu ya Kaskazini kuingia Ituri, lakini TVA ni ya taifa zima, inalipwa kwa DGI. Hakuna TVA ya kuvuka mpaka wa jimbo. Kile kinacholipwa njiani ni mambo mengine: malipo ya barabara ya FONER, kodi za jimbo, na vizuizi ambavyo kila dereva anavijua na sheria haivijui. Anayekuomba «TVA» kwenye kizuizi cha njiani kwa mzigo uliokwisha kupita Kasindi na hati zake, mwombe risiti. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Goma ikiwa mikononi mwa AFC/M23, kuna mstari mwingine kusini mwa Lubero, na mzigo unaouvuka unaweza kulipishwa pande zote mbili. Hiyo ni vita, siyo TVA.

Ndugu zetu walioko Marekani wanakuta kinyume cha hayo. Kule kodi ya mauzo ni ya kila jimbo: Kentucky wanalipisha 6 kwa mia, Oregon hawalipishi kitu. Na hakuna Kasindi kati ya Kentucky na Ohio. Tangu 1992 mahakama kuu ilikuwa inasema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji wa mbali asiye na duka wala watumishi ndani yake. Tarehe 21 mwezi wa sita 2018, katika kesi ya South Dakota na kampuni ya Wayfair, iligeuza neno hilo. Sheria ya South Dakota iliwahusu waliouza mule zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, ao mara 200. Nyuma ya hapo majimbo yaliweka mzigo juu ya masoko yenyewe, kama Amazon na Etsy: yanakata kodi ya jimbo la mnunuzi mbele ya kumpa muuzaji feza zake. Yanaweza, kwa sababu feza zinapita mikononi mwao. Kikundi chetu cha WhatsApp kinabeba maneno na picha tu, basi kazi inabaki kwa duane na kwa muuzaji mwenyewe.

Muuzaji gani? Kwa sheria yetu, TVA inalipishwa na mwenye mauzo ya kufikia franka milioni 80 kwa mwaka, ni kusema zaidi kidogo ya milioni 6 na nusu kila mwezi. Mama anayeuza vitenge kumi kwa juma hayuko humo, na mkulima wa Masereka hayuko humo. Kodi ingine juu ya faida wanaweza kuwa nayo, lakini si TVA. Hawana pia haki ya kuandika «TVA 16%» kwenye faktire yao kusudi ionekane ya kampuni kubwa. Yule aliyefikia kiasi anaandika namba yake ya kodi, bei bila TVA, kisha TVA yenyewe kwenye mstari wake, na kila mwezi anapeleka hesabu kwa DGI mbele ya tarehe 15 kupita.