Hilux ya Kilomita Laki Tatu: Anza na Visivyopiga Kelele

Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Kwa sababu hiyo Hilux za kizazi cha Vigo, kilichoanza kuundwa mwaka huohuo wa 2004, hazikufika Afrika Mashariki kwa njia iliyozoeleka ya magari yaliyotumika Japani. Nyingi ziliundwa Thailand au Durban, zikaingia zikiwa mpya kutumikia miradi, migodi, mashirika na idara za serikali, na zilipochoka zikapigwa mnada. Anayeinunua leo kwa ajili ya shamba au duka la vifaa vya ujenzi anapata gari imara, lenye injini ya dizeli ya lita 3.0 iitwayo 1KD au ya lita 2.5 iitwayo 2KD, na kilomita laki tatu au zaidi kwenye dashibodi. Asichopata ni kumbukumbu za sevisi. Daftari lilibaki kwenye ofisi ya mwenye gari wa kwanza, na wa pili hakuwa na daftari kabisa.

Mmiliki mpya huanza na vile anavyovisikia. Bushi zinagonga, shokapu zimekufa, mlango wa nyuma unalia njiani, basi fedha ya kwanza inaishia hapo. Naelewa kwa nini, maana kelele inachosha na abiria wanalalamika. Lakini nimeona injini nyingi nzuri zikifa mikononi mwa watu waliojali magari yao, na karibu zote ziliuawa na kitu kilichokuwa kimya hadi dakika ya mwisho. Kwa pikapu ya umri huu nakushauri ufuate kanuni moja: kazi isiyo na karatasi wala alama ya kuthibitisha kwamba ilifanyika, ihesabu haijafanyika. Kisha zipange kazi kwa hasara ambayo kila moja italeta ikishindwa, bushi zisubiri.

Ya kwanza ni mkanda wa taimingi. Kwenye 1KD na 2KD mkanda huu wa mpira ndio unaozifanya kamshafti zizunguke sambamba na krankishafti, ili kila valvu ifunguke na kufunga kwa wakati wake. Katika injini hizi valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, kamshafti zinasimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi, na pistoni zinapanda kuzigonga. Unakuwa umebakiwa na silinda hedi ya kufumua, valvu zilizopinda, na pengine pistoni iliyopasuka. Gari halikupi onyo. Halipungui nguvu wala halitoi moshi, linazimika tu.

Toyota imeweka kipindi cha kilomita 150,000 kwa mkanda wa injini hizi. Kwa Hilux za zamani zaidi zenye injini za 2L, 3L na 5L, kipindi ni 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa yenye maandishi T-BELT inayowaka muda ukifika. Watu wengi huiamini taa hii kuliko inavyostahili. Taa haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuizima kwa vitufe vya dashibodi bila kugusa hata nati moja. Gari la kilomita laki tatu lilipaswa kuwa limebadilishwa mkanda mara mbili. Kama hakuna risiti, wala tarehe iliyoandikwa kwa rangi kwenye kava ya taimingi, badilisha sasa. Joto, vumbi na oili inayovuja huula mpira hata kilomita zikiwa hazijatimia.

Je, kazi hii inafanyika nyumbani? Inafanyika, kwa mtu aliyewahi kushika spana na mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Mkanda upo mbele ya injini na unafikika. Geuza krankishafti hadi alama zote zilingane, badilisha pia tenshena na puli yake, na ukishafunga mkanda mpya zungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili ya krankishafti. Alama zikirudi mahali pake, unaweza kupiga stata. Ukihisi kizuizi kigumu wakati wa kuzungusha, acha hapohapo na upange upya, kwa sababu hicho huenda ni valvu iliyokutana na pistoni. Mkono wako hautaipinda, lakini stata itaipinda. Kama hatua hizi zinakutia wasiwasi, mpe fundi, ila kaa naye na uone mkanda wa zamani ukitoka.

Ya pili haiandikwi sana kwenye ratiba za sevisi, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote kwa injini ya 1KD. Kila noseli imekaa juu ya washa nyembamba inayoziba gesi ya mwako isipande. Washa hizo zikichoka, gesi hupenya pembeni ya noseli ikiwa na masizi na joto, inaingia chini ya kava ya valvu na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nzito na kuanza kutengeneza chembe za kaboni. Chembe zinashuka hadi kwenye sampu, lile beseni la chuma chini ya injini, na kuziba chujio la wavu ambalo pampu ya oili hufyonzea. Hapo injini inakosa oili wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Beringi za krankishafti zinasagika, na tunasema injini imenoki bila kujua kisa kilianzia juu, kwenye washa ndogo kuliko sarafu.

Utaijuaje mapema? Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti, washa gari na usikilize. Washa iliyochoka mara nyingi hutoa mlio mwembamba wa chaf-chaf unaofuata mwendo wa injini, na hupungua injini inapopata moto. Tazama taa ya oili: iwapo zamani ilizimika mara tu injini inapowaka na sasa inachelewa sekunde kadhaa, usiendelee kulitumia gari hilo. Unapomwaga oili, pitisha ya mwisho kwenye kitambaa cheupe. Weusi peke yake si tatizo, dizeli huifanya oili nyeusi ndani ya siku chache. Chembe ngumu kama mchanga ndizo tatizo. Kwa gari lisilo na historia, mimi ningefungua sampu na kulitazama chujio hata kama sijasikia chochote. Ni jasho la nusu siku, pamoja na gharama ya gundi ya kuzibia, dhidi ya bei ya injini nzima.

Kuzing'oa noseli zenyewe mwachie fundi wa dizeli, na umwambie kila moja irudi kwenye silinda ilikotoka. Tena kuna jambo la usalama hapa. Mabomba yanayopeleka dizeli kwenye noseli hubeba msukumo unaozidi bar 1,000. Usilegeze nati za mabomba hayo injini ikiwa inaunguruma, na usipapase kwa kidole kutafuta panapovuja. Dizeli ya msukumo huo hupenya ngozi, na jeraha dogo lisilouma sana laweza kuishia kwa kukatwa kidole au mkono. Likitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa rejeta. Desturi ya kujaza maji ya bomba, au ya kisima, imeua rejeta nyingi kuliko mawe ya barabarani. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Chumvi hula aluminiamu, na madini hujenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta. Kulanti ya waridi ya Toyota imepangiwa kubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, na baada ya hapo kila 80,000. Ile nyekundu ya zamani hudumu miaka miwili au kilomita 40,000. Usizichanganye. Kama hujui iliyomo ni ipi, mwaga yote, suuza kwa maji yaliyochujwa madini hadi yatoke meupe, kisha jaza mpya ukiwa umefungua hita ya ndani ili hewa itoke.

Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Ni msukumo unaoshikiliwa na mfuniko ndio unaoyazuia yasichemke ndani ya injini. Springi ya mfuniko ikilegea, gari litachemsha kwenye kila mlima, na utabadilisha pampu na rejeta bure. Termosteti nayo irudishwe kama ilitolewa. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanaipoza injini. Katika injini nyingi za Toyota termosteti ina kizibo cha pili kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiwa tambarare injini inabaki baridi mno na kula dizeli, na mlimani ikiwa na mzigo inapata moto.

Breki ni suala la uhai. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama gari limeegeshwa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Shuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu ukiwa na tani moja nyuma na mguu kwenye breki muda wote, na nyuzi 140 hazipo mbali. Maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba, pedali inazama hadi chini bila kushika. Badilisha oili yote kila miaka miwili. Mnahitajika watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye bomba la plastiki. Mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na kopo la juu msiliache likauke. Ukifungua madramu ya nyuma usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani laini za bei nafuu zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwanza, kisha futa.

Kabla hujaingia chini ya gari, angalia umeliwekea nini. Jeki ni ya kuinulia tu, kinachoshikilia ni stendi za chuma zilizokaa chini ya fremu au ekseli. Tofali la saruji hupasuka ghafla, hata lile lililobeba gari hilohilo wiki iliyopita. Kwenye uwanja wa mchanga tandika ubao mnene chini ya stendi, weka kigingi kwenye magurudumu, na litikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini.

Ukiwa chini, kwenye difu fungua kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Bolti ya kujazia ikikataa kufunguka wakati umeshamwaga, gari limelala hapo. Oili ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Sababu kwa kawaida ni kipumulio cha juu ya ekseli kilichoziba kwa tope: difu yenye moto inaingia mtoni, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na, kwa kukosa pa kupumulia, inayavuta maji kupitia sili. Safisha kipumulio na ujaze oili ya GL-5. Krosi za propela zina nipo za grisi. Sukuma grisi hadi ya zamani itoke pande zote nne. Tikisa kila gurudumu ukilishika juu na chini ili kusikia uhuru wa beringi na boli joint.

Oili ya injini sina haja ya kuieleza sana. Karibu lita saba pamoja na filta, mwaga ikiwa ya moto kiasi, na kwa barabara zetu za vumbi usivuke kilomita 5,000. Filta ya hewa inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, haigongwi kwenye tairi. Ya dizeli ina tundu la kutolea maji chini yake, na kama unajaza kutoka kwenye madumu huko vijijini, ulifungue kila mwezi. Nunua filta kwenye duka unaloliamini hata kwa bei ya juu. Filta feki ina karatasi ya kubahatisha, na noseli ndizo zitakazolipa tofauti ya bei.

Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji au kituo kinachoikusanya. Usiimwage uani wala kwenye mfereji, maana kisima chenu kipo chini ya ardhi hiyohiyo. Kisha andika kwenye daftari tarehe, kilomita, aina ya oili na namba ya kila kipuri, na kwa rangi nyeupe andika kilomita za mkanda mpya juu ya kava ya taimingi. Baada ya kilomita mia tano, rudi chini ya gari uangalie bolti za difu, nati za magurudumu na ukingo wa sampu kama kuna unyevu. Ukikuta pakavu, sasa unaweza kwenda kununua zile bushi.