Sebule Nyembamba na Njia ya Mama wa Nyumba

Sebule ndefu na nyembamba si jambo geni kwetu watu wa pwani. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilijengwa kwa vyumba virefu vilivyokaa sambamba, na upana wake kwa kawaida haukuzidi mita 3, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio uliokuwa mpaka. Wazee waliupanga wembamba ule kwa adabu. Mgeni wa kupita alikaa dakani, penye baraza. Aliyekaribishwa zaidi alifika kiwandani. Na kutoka msana wa tini hadi msana wa yuu na ndani, kila hatua ilikuwa sitara zaidi kwa watu wa nyumba. Vyombo navyo vilikaa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, visile nafasi ya sakafu.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya nyumba tunazozizuru Namboboto, huko Samia katika kaunti ya Busia. Zipo ambazo sebule yake ina upana wa futi 8 na urefu wa futi 18, mlango wa nje mwisho mmoja, wa jikoni mwisho wa pili. Humo huingizwa seti nzima ya makochi ya watu saba, na vitambaa vyake vya kufuma, na meza katikati. Hesabu ni nyepesi. Kochi moja lina kina cha futi 3. Makochi mawili yakitazamana, futi 6 zimekwisha. Futi 2 zilizobaki ni za magoti ya wageni.

Je, mama wa nyumba apite wapi? Akitaka kutoka, hana budi kukata katikati ya magoti ya wanaume, sinia mkononi. Mwenye haya hujifungia jikoni hadi wageni waondoke, hata wakikaa tangu alasiri mpaka isha. Twaona hiyo ni dhulma ndogo inayofanywa na fanicha, na mume aliyenunua seti ile pengine hajaitambua.

Basi ianze kupangwa njia, kisha viti. Kochi la watu watatu na la wawili yafuatane kwenye ukuta mmoja mrefu, kuanzia upande wa mlango wa nje; yatachukua kama futi 12. Ukiondoa kina cha kochi na magoti, ukuta wa pili hubakiwa na njia ya futi 3 na zaidi, tena iliyonyooka. Meza ya katikati iondoke. Stuli mbili nyepesi zatosha chai. Futi 6 za mwisho, karibu na jikoni, zitengwe kwa pazia zito, zitandikwe jamvi na mito: hapo akina mama watakaa na wageni wao, na watoto watasoma juzuu zao. Rafu za ukutani zishike kazi ya zidaka.

Viti viwili vya mtu mmoja vipelekwe chumbani, au viuzwe. Tunajua neno hili ni zito, kwani seti huhesabiwa heshima ya nyumba.

Wako watakaosema kuwa watu wakikaa mstari mmoja huwa kama abiria wa matatu, hawaonani uso. Ni kweli. Kwa hiyo viwekwe vigoda viwili, mwenyeji akae kwenye kimoja akiwaelekea wageni wake, na mtu akitaka kupita, kigoda husogezwa kwa mkono mmoja. Amri ya kupeana nafasi katika vikao imo katika Suratul Mujadila, aya ya 11, na kochi zito halisogezwi upesi.

Ama siku ya tanzia au harusi, sebule hiyo isilazimishwe. Wanaume watoke nje chini ya turubai, makochi yasukumwe ukutani, na chumba chote, pazia likiwa limefungwa pembeni, kiwe cha wanawake.